UZI: Dodoma tunazaa wachache kuliko zamani. Ni shule, njiti za uzazi wa mpango au kodi ya nyumba?

Takwimu_Mtumba (mwenye uzi)

Wadau, salaam. Kila mjadala wa uzazi humu ndani unaishia kwenye kelele zile zile. Huyu anasema wanawake wakisoma hawataki kuzaa, yule anasema tunazaliana mno na nchi itatushinda. Leo tuweke namba mezani kwanza, halafu tugombane vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa anazaa wastani wa watoto zaidi ya 6. Utafiti wa 2010 ukatoa 5.4, wa 2015/16 ukatoa 5.2, na wa 2022 umetoa 4.8. Mjini ni 3.6, vijijini 5.5. Kwa hiyo kushuka kupo, ila ni kushuka kwa kinyonga. Kenya ilikuwa juu ya 8 mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2022 ilikuwa 3.4.

Wakati huo huo sensa ya 2022 imehesabu watu 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Dodoma umetoka watu 2,083,588 mwaka 2012 hadi 3,085,625. Humo mna wanaozaliwa na mna waliohamia na Serikali. Ndiyo maana mtu anaona darasa la kwanza Nkuhungu limefurika, ukimwambia uzazi unashuka anakuona huna akili timamu. Vyote viwili ni kweli. Kila mama anazaa wachache kuliko mama yake, lakini akina mama wenyewe ni wengi kuliko wakati wowote, kwa sababu walizaliwa enzi za watoto sita. Hata wote wakianza leo kuzaa wawili wawili, idadi ya watu itaendelea kupanda kwa miongo kadhaa.

Sasa fumbo lililonifanya nifungue uzi. Mwaka 2015/16 wanawake walio kwenye ndoa waliokuwa wanatumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa asilimia 32. Mwaka 2022 ni 31. Njia hazikupanda, uzazi umeshuka. Nani ana maelezo?

---

Mkunga_wa_Bahi

Mkuu, asante kwa kuanza na namba. Jibu la kwanza limejificha kwenye maneno yako mwenyewe, "walio kwenye ndoa". Asilimia ile haimhesabu binti wa miaka 22 aliyepanga chumba Chang'ombe, hajaolewa, na ana njiti mkononi. Binti huyo ndiye ambaye miaka ishirini iliyopita angekuwa na watoto wawili tayari.

Jibu la pili ni wasichana wadogo. Waliokuwa wameshazaa au wana mimba kati ya miaka 15 na 19 walikuwa asilimia 27 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 ni 22. Pointi tano kwa umri ule si mchezo. Hebu Takwimu waoneshe wadau hesabu inavyokwenda, maana wengi wanadhani ule wastani unapatikana kwa kuuliza wabibi walizaa wangapi.

---

Takwimu_Mtumba

Sawa dada, nashuka nayo.

Unachukua wanawake kwa makundi ya miaka mitano mitano. Kila kundi unauliza: kati ya wanawake 1,000 wa umri huu, walizaliwa watoto wangapi kwa mwaka? Mfano wa kufundishia (namba nimezitunga ili zikae karibu na hali yetu, msizinukuu):

15–19: 110
20–24: 220
25–29: 215
30–34: 185
35–39: 140
40–44: 70
45–49: 15

Jumla 955. Kila mwanamke anakaa miaka mitano kwenye kila kundi, kwa hiyo unazidisha kwa 5, unapata 4,775 kwa wanawake 1,000. Gawanya: 4.8.

Sasa punguza mstari wa kwanza tu, 110 iwe 60. Usiguse mingine. Inakuja 4.5. Hakuna mama hata mmoja wa miaka 35 aliyebadili mawazo, hakuna njia mpya iliyogawiwa kwenye ndoa, na wastani wa nchi umeshuka.

Tahadhari kwa wanaopenda kusherehekea mapema: kama wale mabinti wamesogeza tu, wakifika 25 wakaanza kuzaa kwa kufidia, mstari wa 25–29 utapanda na sehemu ya ule ushukaji itarudi. Kuchelewa na kuacha ni vitu viwili tofauti. Hesabu ya mwaka mmoja haiwezi kukutenganishia.

---

Mzee_wa_Kongwa

Wanangu, hamjambo. Naona mnahesabu wanawake peke yao kama vile wanajizalisha.

Kijijini mtoto ana kazi. Wa miaka saba anachunga mbuzi na ndama karibu na nyumba. Wa kumi na kuendelea anakwenda na ng'ombe mbali. Wa kike anateka maji, anamwangalia mdogo wake mama akiwa shambani, anatwanga. Nyumba ya watu saba kwa kupika, kunywa na kunawa haipungukiwi ndoo sita za lita ishirini kwa siku, na kiangazi cha Agosti hadi Novemba kisima kikishuka, ndoo moja ni foleni ya nusu siku. Mwenye watoto wawili atafanyaje? Na uzeeni nani atamlisha? Mkulima wa mtama na uwele hana mafao.

Kwa hiyo msiseme watu wa vijijini hawajaelimika. Wanapiga hesabu, tena sahihi kuliko zenu.

---

Takwimu_Mtumba

Shikamoo mzee. Hapo sikupingi hata nukta, na umetaja sera mbili bila kuziita sera.

Ya kwanza ni maji. Bomba la kijiji likiwa mita mia mbili kutoka nyumbani, ndoo sita ni kazi ya saa moja ya mtu mzima. Mtoto wa kuteka maji anakuwa si lazima. Ya pili ni pensheni. Zanzibar tangu Aprili 2016 wanalipa pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna ya namna hiyo kwa wazee wote. Mtu akijua atakula hata asipokuwa na mtoto wa nne, sababu moja ya kumzaa huyo wa nne imeondoka.

Kuna na ya tatu, vifo vya watoto. Waliofariki kabla ya miaka mitano walikuwa 67 kwa kila 1,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na 43 kwenye ule wa 2022. Wazazi wa zamani walizaa na wa akiba. Akiba hiyo inapungua taratibu, maana watu huamini macho yao, na macho yanahitaji miaka mingi kuona kwamba watoto wa jirani wote wamekua.

---

Mkunga_wa_Bahi

Mzee, shikamoo za wengine nimeziona, na yangu ipokee: shikamoo. Nirudi kwenye njia, kwa sababu hapa ndipo neno "kumwezesha mwanamke" linapoonekana kama lina maana au ni bango tu.

Kila mtu anapima uwezeshaji kwa walioWEKEWA njiti. Mimi ningepima kwa waliotolewa siku waliyotaka kutolewa.

Njiti zipo za aina mbili kwenye zahanati zetu, ya kijiti kimoja inayokaa miaka 3 na ya vijiti viwili inayokaa miaka 5. Kuweka ni dakika chache: mkono usiotumia sana, upande wa ndani juu ya kiwiko, ganzi kidogo, sindano yake maalumu, juu juu chini ya ngozi. Kutoa ndiko kunakohitaji mkono wenye uzoefu. Unapapasa mpaka uione ncha, unapiga ganzi CHINI ya ncha (ukiipiga juu yake ngozi inavimba na njiti inapotea), unachana milimita chache, unaisukuma kwa kidole mpaka ncha itokeze, unaikamata kwa koleo nyembamba. Vifaa ni glovu tasa, ganzi, kisu kidogo, koleo mbili, bandeji. Basi.

Kinachoharibika:

Moja, iliwekwa kina sana. Haipapasiki. Hapo usichimbe, mpe rufaa akapigwe ultrasaundi. Kuchimba ndiko kunakoacha makovu na hadithi zinazozunguka kata nzima.

Mbili, siku ya kuweka kulikuwa na kampeni, timu ikaja na gari, ikaweka wanawake arobaini, ikaondoka. Miezi minane baadaye mama mmoja anatokwa damu kila wiki anataka itolewe, na mhudumu aliyepo hakufundishwa kutoa au hana koleo. Anaambiwa "subiri miaka mitatu iishe". Mama huyo hatarudi tena, na dada zake watano hawataanza.

Tatu, hakuambiwa kabla. Sindano ya miezi mitatu na njiti hubadili hedhi, kwa wengine inakatika kabisa. Mtaani wanasema damu inajikusanya tumboni. Haijikusanyi. Ukuta wa mji wa mimba haujengeki, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Sentensi hiyo moja ikisemwa siku ya kwanza, kwa utulivu, mume akiwepo ikiwezekana, inaokoa wateja wengi kuliko bango la nyota ya kijani, ile nembo ya uzazi wa mpango.

Nne, sindano na kuchelewa kurudi. Akiacha sindano, mimba inaweza kuchukua miezi tisa, kumi, wengine zaidi. Njiti na kitanzi havina ucheleweshaji huo. Anayetaka mtoto mwakani usimpe sindano halafu ukakaa kimya.

Na kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu KWA PAMOJA: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na hapewi kitu kingine hata uji wala maji. Siku uji wa kwanza unaonjeshwa, kinga hiyo imeisha. Wengi ambao watoto wao wanapishana mwaka na miezi mitatu waliponzwa na "si ninanyonyesha".

---

Kitemba

Mkunga hiyo namba mbili iandikwe kwenye lango la kila ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.

---

Wakili_Makole

Nije upande wa sheria, kuna mahali pamejificha shimo.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mvulana ni 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu na kutoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ule ukapita bila marekebisho.

Wengi wanasema haijalishi, kwa sababu tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa miaka 30 jela anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Ni kweli, na ina meno. Lakini soma tena: MWANAFUNZI. Kinga imefungwa kwenye sare.

Sasa ichukue sera mpya ya elimu: msingi miaka sita, sekondari ya chini miaka minne, kumi ya lazima. Anayeanza na miaka 6 anamaliza na 16. Kwa mfumo wa zamani, saba na nne, aliyeanza na 7 alimaliza na 18. Kwa hiyo kama hakuendelea mbele, anavua sare akiwa na miaka 16, kinga ya Sheria ya Elimu imekwisha, na Sheria ya Ndoa bado inamwambia baba kwamba 15 inatosha. Tumefungua dirisha la miaka miwili bila kukusudia. Miaka hiyo miwili ndiyo ule mstari wa kwanza wa Takwimu, wenye 110.

Sera ya elimu peke yake ni nzuri. Ikikaa na sheria ile ya ndoa inavuja.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Wakili amesema kubwa. Niongeze dogo linalofanyika kila siku.

Ada ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne, tukasema njia ni nyeupe. Shule za kata nyingi za Chamwino, Bahi na Chemba zipo kilomita nane, kumi, kumi na mbili kutoka kwa baadhi ya wanafunzi wake. Bweni hakuna au lina vitanda vya robo ya wasichana. Suluhisho la wazazi ni geto: wasichana watatu wanapangiwa chumba karibu na shule, godoro, jiko la mkaa, gunia la mahindi la kuanzia muhula. Hakuna mtu mzima. Gunia linakata kabla ya muhula kuisha. Hapo anatokea wa bodaboda mwenye chipsi na lifti. Mnataka kupunguza mimba za utotoni kwa semina ya kujitambua? Hesabuni kwanza gunia linaisha wiki ya ngapi.

Kwa gharama, bweni la vitanda themanini bila matroni, bila uzio na bila maji ni geto kubwa. Matroni ndiye kitu cha kwanza kinachokatwa kwenye bajeti na ndiye cha kwanza kinachohitajika.

Na wanaojifungua. Novemba 2021 Serikali iliruhusu warudi shuleni, baada ya miaka ya marufuku. Ruhusa imekuja, ila swali la mtoto analala wapi saa mbili asubuhi halijibiwi na waraka. Bibi akiwepo na ana nguvu, binti anarudi. Bibi asipokuwepo, ruhusa inabaki ukutani.

---

Mzee_wa_Kongwa

Mwalimu hapo umesema kweli tupu. Ila mabinti wakichelewa kuolewa ng'ombe za mahari mtazilipa ninyi?

---

Mwalimu_wa_Zamu

Mzee wetu, hiyo ndiyo sababu mwaka wa ukame maombi ya "kumhamisha binti shule" huongezeka. Mahari ni bima ya baba mwenye njaa. Kaya iliyo kwenye ruzuku ya TASAF, mfuko wa Serikali wa kaya maskini, na inayopata malipo kwa wakati, kabla ya Januari njaa haijakaza, ina sababu moja pungufu ya kumwoza. Malipo yakichelewa mpaka Aprili yanakuta harusi imekwisha.

---

Alizeti_Forever

Mmeisahau mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba. Mwanamke akiwa na hela yake anapanga uzazi. Kwisha.

---

Takwimu_Mtumba

Mkuu, ingekuwa rahisi hivyo ningefunga uzi. Fedha ya mwanamke inashusha uzazi pale kazi yenyewe inapogombana na kubeba mtoto. Bangladesh walitoka watoto zaidi ya 6 miaka ya 1970 hadi karibu 2.3 kufikia 2011. Huko kulikuwa na wahudumu wanawake waliopita nyumba kwa nyumba na njia mikononi, na baadaye viwanda vya nguo vilivyoajiri wasichana kwa mshahara. Msichana mwenye zamu kiwandani anachelewesha ndoa kwa sababu ana cha kupoteza.

Kikundi cha hapa kikikopeshwa mbuzi hamsini, mbuzi wanahitaji mchungaji. Mchungaji ni nani? Umeongeza kipato cha mama na umeongeza thamani ya mtoto wa kuchunga kwa mkupuo mmoja. Mkopo wa mashine ya kukamua alizeti au cherehani hauna hilo. Sisemi mbuzi ni mbaya, nasema kipato cha aina gani ndiyo swali.

Na marejesho! Mikopo ile ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mama wa alizeti anavuna mara moja kwa mwaka, rejesho ni kila mwezi. Aliyejifungua katikati ya mzunguko anakosa miezi miwili ya kazi na wenzake wanamlipia kwa manung'uniko. Kikundi kikiandika tangu mwanzo kwenye katiba yake kwamba mwenye mtoto mchanga anaahirishiwa miezi mitatu, ugomvi huo haupo.

---

Mgeni_Ihumwa

Ninyi mnafurahia kushuka. Angalieni Korea Kusini: 0.72 mwaka 2023, 0.75 mwaka 2024. Japani 1.15 mwaka 2024. Wanawake wamesoma, wameajiriwa, taifa linafungwa kama duka. Huko ndiko tunakwenda?

---

Takwimu_Mtumba

Swali zuri, ingawa kutoka 4.8 mpaka 0.72 ni mbali kuliko Dodoma na Seoul.

Korea mwanamke aliwezeshwa darasani na ofisini, akaachwa peke yake jikoni. Saa za kazi ndefu, mume harudi mapema, gharama za masomo ya ziada ya mtoto ni za kutisha, na kuzaa nje ya ndoa ni aibu. Akipewa uchaguzi wa kazi au mtoto, wengi wanachagua kazi, na ndoa yenyewe wanaikwepa. Kwa muda mrefu nchi tajiri zenye wanawake wengi kazini, kama Sweden na Ufaransa, zilizaa ZAIDI KULIKO zile zenye wanawake wachache kazini kama Italia. Sweden inatoa siku 480 za likizo ya wazazi kwa mtoto, 90 kati ya hizo ni za kila mzazi peke yake. Baba asipozichukua zinapotea.

Ila niseme ukweli wote: Sweden nayo ilikuwa 1.43 mwaka 2024, Finland 1.25. Sera nzuri ya familia inamsaidia aliyetaka mtoto ampate bila kuharibikiwa. Haimshawishi asiyetaka.

Kulazimisha je? Romania 1966 walipiga marufuku utoaji mimba na njia za kuzuia zikawa hazipatikani. Uzazi ukaruka kutoka 1.9 hadi 3.7 mwaka uliofuata, baada ya hapo ukashuka tena, na vifo vya wajawazito vikawa vya juu kabisa Ulaya. Sisi tuliwahi kuambiwa na Rais Magufuli kule Meatu, Septemba 2018, tuachane na uzazi wa mpango. Kauli kama ile haizalishi watoto. Inazalisha mama anayekwenda kliniki kwa kujificha, na anayejificha hafuati tarehe zake za sindano.

---

Wakili_Makole

Mgeni, Korea yetu ndogo ipo hapa hapa kwa watumishi. Angalia likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 84 za malipo, 100 kwa mapacha. Baba siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. TATU. Siku ya kwanza hospitali, ya pili kumrudisha mama nyumbani, ya tatu kutafuta cheti.

Mambo yanayowapotezea watu haki, nimalize nayo mara moja:

Taarifa itolewe kwa mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, na cheti cha daktari. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla. Asirudi kazini kabla ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari amethibitisha anaweza.

Mzunguko wa likizo ni miezi 36, na unahesabiwa kuanzia siku ya KUAJIRIWA, si siku ya kujifungua kwa mwisho. Maofisa utumishi wengi wanakosea hapa. Mfano: umeajiriwa 1 Julai 2020. Mzunguko wa kwanza unaisha 30 Juni 2023. Ukijifungua Machi 2023 na tena Juni 2025, ni mizunguko miwili tofauti, likizo zote mbili ni za malipo, ingawa watoto wamepishana miezi 27. Mtoto akifariki kabla ya mwaka, unapata siku 84 nyingine ndani ya mzunguko huo huo. Ukomo wa mwajiri kulipa ni likizo nne.

Kunyonyesha: hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi.

---

Mkunga_wa_Bahi

Hizo saa mbili Wakili ni za karatasini. Mama anaishi Nala, ofisi ipo Mji wa Serikali Mtumba, upande wa pili kabisa wa jiji. Kwenda na kurudi kwa daladala mchana, saa mbili zimekwisha hajamtoa mtoto mgongoni kwa dada. Matokeo wengi wanaomba watoke saa mbili mapema jioni, ni sawa kwa usafiri, ila titi halijui ratiba ya ofisi. Lisipotolewa mchana, kufikia wiki ya pili maziwa yanapungua.

Hesabu yenyewe: siku 84 ni wiki 12. Kunyonyesha maziwa pekee ni miezi sita, wiki 26. Pengo ni wiki 14.

Kwa sasa anayeweza akamue. Osha mikono, chombo chenye mdomo mpana kilichochemshwa, kamua kila baada ya saa tatu. Kwenye kivuli kisichozidi nyuzi 25 yanakaa saa nne. Oktoba na Novemba hapa Dodoma mchana unapita 30, kwa hiyo usiyahesabie saa nne, weka kwenye kiboksi chenye barafu. Kwenye friji siku nne. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo, siyo chuchu ya chupa, maana chupa ni ngumu kusafisha na inamfundisha uvivu wa kunyonya. Ofisi inachotakiwa kutoa ni chumba chenye mlango unaofungwa, kiti, sinki na friji ndogo. Wanaofanya ukarabati wa mamilioni kila mwaka wa fedha hawajashindwa friji.

---

Mgeni_Ihumwa

Nimeelewa. Kwa hiyo mjini wanazaa wachache kwa kukosa pa kumweka mtoto, na kijijini wanazaa wengi kwa kukosa pa kumweka mtoto?

---

Takwimu_Mtumba

Dah. Mgeni umetuzidi wote. Ndiyo, kijijini anayelea mchana ni dada mkubwa, kwa hiyo mtoto wa pili analipa gharama ya wa nne kwa kukosa shule. Mjini dada wa kazi analipwa, kodi inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, chumba na sebule havipanuki, mtu anaishia wawili. Tatizo ni moja, majibu yanakwenda pande mbili.

---

Alizeti_Forever

Basi kituo cha kulelea watoto mchana kinaanzishwaje kijijini? Sitaki nadharia.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Kwa kifupi. Peleka hoja mkutano mkuu wa kijiji, unaokaa kila miezi mitatu, iingie kwenye muhtasari na kwenye vipaumbele vya mpango shirikishi wa kijiji (ule wa fursa na vikwazo kwa maendeleo) ili kata iione kabla ya bajeti ya halmashauri. Tumia jengo lililopo: darasa la zamani, ukumbi wa kanisa au msikiti usiotumika katikati ya wiki. Walezi wawili wa kuanzia, mmoja awe ameshafundishwa malezi. Uji wa lishe wa mtama na karanga uchangiwe kwa debe wakati wa mavuno, Mei na Juni, siyo kwa fedha. Ukidai fedha Januari kituo kinafungwa. Saa za kufungua zifuate shamba: Desemba hadi Aprili kianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, la sivyo mama ameshaondoka na dada ameshabaki nyumbani. Halafu nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kwa usajili. Mtajie PJT-MMMAM, ile programu ya malezi na makuzi iliyozinduliwa Desemba 2021, ipo kwenye majukumu yake.

---

Mzee_wa_Kongwa

Na choo. Vyoo vya watu wazima vina tundu kubwa, mtoto wa miaka mitatu anaogopa, anamaliza haja nje ya mlango, mvua ya kwanza kituo kizima kinaharisha. Tundu la mtoto lisizidi kiganja kwa upana, na ndoo ya maji iwe na koki chini, siyo kopo la kuchovya. Mafundi wa hapa wanajua, waambieni tu kabla hawajamwaga zege.